Chano cha Mama wa Banda

Mimi ni mtu wa tumbo, na sioni haya kusema. Wenzangu wakikumbuka ujana wao hukumbuka ngoma, au mwanamke fulani, au ng'ombe wa mahari. Mimi nikikumbuka Dodoma ya wakati wa Mdachi nakumbuka ugali wa uwele na mlenda, na mama mmoja mwembamba mwenye mwiko mrefu kuliko mkono wake. Nimekula kwingi tangu hapo, Tabora, Morogoro, hata pwani kwenye wali wao wa nazi, na kote nilishiba. Lakini mahali pa kunifanya niamke asubuhi nikiwaza chakula cha mchana palikuwa kwake tu, na mahali pale nilipavunja mimi mwenyewe.

Tulimwita Mama wa Banda. Jina alikuwa nalo, na ukoo alikuwa nao, lakini hakuwa mtu wa kujieleza, na sisi hatukuwa watu wa kuuliza huku tumeshika tonge. Banda lenyewe lilikuwa la miti na udongo, paa lake bapa kama nyumba zote za Wagogo, upande ule wa reli ambao siku hizi wanauita Majengo. Kiangazi upepo ulipochachamaa alitundika ngozi ya ng'ombe mlangoni kuzuia vumbi, nasi tukala kwa kupapasa, kila mmoja akimlaumu jirani kwamba amemchukulia kipande chake.

Kwake hapakuwa na chakula cha mtu mmoja. Hilo ndilo jambo la kwanza mgeni alilojifunza, na wengi walijifunza kwa kukasirika. Ukifika unanawa kwenye bakuli lililokaa mlangoni, maji yaleyale kwa wote, maana maji ya kuchimba kwenye mchanga wa korongo si ya kumwaga ovyo. Kisha unasimama. Yeye anakutazama, anawatazama waliotangulia, halafu anaonyesha kwa mwiko: wewe, na yule, na hao wawili. Mkishatimia wanne ndipo anawawekea chano, sinia pana la kuchonga kwa mti, ugali katikati na bakuli la mlenda ubavuni. Mkiwa watatu mnamngoja wa nne, na njaa iwaume vizuri.

Askari mmoja wa boma, Mmanyema mwenye kifua kama mlango, alikuja siku moja akataka chake peke yake. Aligonga kitako cha bunduki chini ili tusikie. Mama wa Banda hakuacha kusonga. Alimwambia kwamba kama ana haraka sana, aanze na bunduki yake, huenda ina mafuta. Yule askari alitazama chungu, akatutazama sisi, akaiegemeza bunduki ukutani, akakaa chini kungoja wenzake. Kesho yake alifika mapema kuliko mimi.

Na wagombanao aliwakalisha pamoja kwa makusudi. Palikuwa na Mnyamwezi mmoja aliyefanya kazi ya kubeba mataruma ya reli, na mchungaji wa Kigogo ambaye ng'ombe wake aligongwa na treni. Mchungaji aliamini kwamba vibarua wa reli ndio waliomfukuzia ng'ombe njiani, na walikuwa wamekwisha kushikana mashati sokoni. Mama wa Banda akawaweka chano kimoja, mkabala. Sasa mlenda una tabia yake. Ukichovya tonge ukalivuta, uzi wake unakufuata, unapita juu ya mkono wa mwenzako, unamgusa kidevu. Huwezi kula mlenda na mtu kwa hasira ukabaki na heshima yako. Walijikaza mpaka katikati ya chakula, kisha mmoja akacheka, na mwingine akapaliwa.

Mimi nilifika nikitoka Kolo, kule milimani Kondoa, nimetembea siku kadhaa na barua ya mwalimu wangu kwapani. Nilijua kusoma na kuandika, nikapata ukarani wa mizigo stesheni. Sisi Warangi wa kwetu ni Waislamu, na siku ya kwanza nilisimama pale mlangoni nikinusa nyama ya mbuzi na kumeza mate, nisijue nimuulizeje mwanamke asiyeswali ni nani aliyechinja. Hakuningoja niulize. Alininyooshea mwiko kwenye kona, ambako mzee mmoja mwenye kofia iliyofifia alikuwa akinoa kisu. Akasema, "Mchinjaji wenu huyo. Kaa, usinizibie mwanga."

Mzee yule alikuwa Mrangi mwenzangu. Alipokwenda nyumbani Kolo, mara nyingine kwa mwezi mzima, banda zima lilikula kunde na mlenda. Wagogo, ndugu za Mama wa Banda, walinung'unika, wakamwambia kwamba wao hawana shida na mbuzi aliyechinjwa na yeyote, hata akiangukiwa na mti. Alijibu kwamba yeye hapiki nyama ya nusu ya watu. Wakisema sana aliwapunguzia mlenda.

Msinifahamu vibaya, hakuwa malaika. Alikuwa mchoyo wa ugoro. Msafiri aliyeishiwa angeweza kula kwake siku tatu bila kuulizwa kitu, lakini ukimwomba chembe ya ugoro anakutazama kana kwamba umemwomba jino. Wamisheni aliwacheka kwa mavazi yao, na huku akisonga ugali alivuma nyimbo zao za kanisani moja baada ya nyingine, bila kukosea. Kabla ya kuweka chungu kwenye mafiga alinyunyiza unga kidogo chini kwa ajili ya wazee wake. Na yeye aliyekataza watu kula peke yao, yeye mwenyewe alikula peke yake, amesimama, akikwangua ukoko. Nilimuuliza siku moja kwa nini hakai nasi. Alisema akikaa na chano kimoja, nani atatazama vyano vingine?

Kiswahili alikijua vizuri, kile cha njiani, cha wapagazi na vibarua, na matusi yake yote. Lakini akichukia, au akiingia mtu asiyempenda, Kiswahili kilimtoka kabisa akabaki na Kigogo. Mtu akimsemesha anamtazama tu kama jiwe. Mimi nilikuwa nimejifunza Kigogo papo hapo kwenye chano, basi mara nyingi aliniita niseme naye, kisha nimgeuzie mgeni kwa Kiswahili. Nilijiona mtu. Asubuhi nikiingia nilimwambia "Mbukwa," salamu ya kwao, naye akanijibu "Mbukwa" bila kuinua macho, na siku yangu ikawa imeanza.

Jambo moja alilikataza kuliko yote, nalo ni kusifu chakula. Ukimaliza, unainua mkono, unasema "Nimeinuka," unaondoka. Basi. Mgeni akisema kitamu, alimkaripia mbele za watu. Mwanzoni nilidhani ni maringo. Baadaye alinisimulia, siku ambayo mvua ilitufungia ndani, kwamba baba yake alikuwa na ng'ombe wazuri, na mgeni mmoja aliyekunywa pombe kwao alikwenda kuwasifu kila alikopita, rangi zao, pembe zao, maziwa yao. Hakuwa na nia mbaya yule mtu. Alishiba tu, akasema. Waliokuja kuwachukua ng'ombe wale walikuja wakijua mpaka zizi lina milango mingapi. "Ukishiba nyamaza," akaniambia. "Ukisema kitamu, anasikia na mwingine."

Nilimsikia. Nataka ijulikane kwamba nilimsikia na nilimwelewa.

Stesheni tulikuwa na Bwana mmoja wa Kidachi, mkuu wetu. Hakuwa mbaya kupita wenzake. Alikuwa na upweke na tumbo bovu, na mpishi wake wa pwani alikuwa ameugua akarudi kwao kwa treni. Basi Bwana akawa anakula vitu vya mkebe, akikunja uso. Siku moja nilirudi kazini baada ya chakula, naona nilikuwa nikiimba, akaniuliza nimekula nini hata niwe na furaha hivyo. Ningesema ugali, nikainama kwenye mizani yangu. Lakini aliuliza mbele ya makarani wengine, na aliniita "karani wangu." Hakuwahi kuniita hivyo. Kichwa kikavimba. Nikaanza. Nilisema mlenda unavyotwangwa na karanga, nilisema chumvi yake ya Bahi, maziwa ya mgando yanayokatika kwa kisu, mbuzi anavyoiva mpaka mfupa unajitenga. Nilibwabwaja mpaka mate yakanitoka. Bwana alisikiliza kama mgonjwa anayetajiwa dawa.

Kesho yake mchana akaja. Aliinama kuingia, mtumishi nyuma yake na sanduku la kukalia na sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu. Mama wa Banda alitazama sahani, akanitazama mimi. Alipakua, akampa. Bwana alikula peke yake juu ya sanduku lake, na hakuna aliyegusa chano mpaka alipomaliza, kwa hiyo sote tulikula ugali uliopoa. Alisema nzuri, nzuri sana, kwa sauti, mara nyingi. Sahani akaisahau pale chini. Mama wa Banda aliiosha akaiweka juu ya ukuta, na siku ile hakunijibu nilipoaga.

Alirudi baada ya siku tatu, safari hii na askari. Alikuwa yule Mmanyema wetu, akitazama vidole vyake vya miguu. Bwana alisema kwa Kiswahili chake cha amri kwamba mama huyu atapika nyumbani kwake, kuanzia kesho, na banda halitahitajika. Mama wa Banda akamtazama kama jiwe. Bwana akanigeukia, akaniamuru nimwambie.

Nilimwambia kwa Kigogo. Alinijibu polepole, neno moja moja, kama anayetaka nisiangushe hata moja njiani.

"Mwambie hapana. Mimi sipiki kwa mtu mmoja. Hawa ndio watu wangu."

"Anasemaje?" Bwana akauliza.

Nikasema, "Anasema amekubali, Bwana."

Nimelirudia neno hilo miaka yote hii, na kila mara hujaribu kulipamba. Hujiambia niliogopa kiboko. Viboko vilikuwepo, migongo ya watu iliviona, huo si uongo. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa ameshika kiboko. Hujiambia pia kwamba ningesema hapana angechukuliwa vilevile, na yumkini ni kweli. Lakini angechukuliwa akiwa amesema hapana, ikasikika. Mimi nilimnyima hata hilo, kwa sababu Bwana aliniita karani wake, na nilitaka aniite tena.

Wagogo waliokuwa wamekaa pale waliyasikia yote mawili, jibu lake na tafsiri yangu. Mzee mchinjaji aliyasikia. Wote waliinamisha vichwa. Na yeye aliyasikia kuliko wote, maana Kiswahili kile ndicho alichotutukania sisi kila siku. Angeweza kufungua mdomo akasema hapana kwa Kiswahili kilekile, Bwana akaelewa. Kwa nini hakusema? Nimewaza mengi. Ninavyoona mimi, alikuwa akiningoja nijirekebishe. Alisimama na mwiko wake muda ambao ungetosha kabisa. Kisha aligeuka, akauepua ugali ambao haujaiva, akaumwagia moto maji.

Banda lilivunjika wiki ileile. Watu waliokula pamoja kila siku wakaanza kula kila mtu kwenye kona yake, mihogo ya kuchoma, karanga, chochote. Mzee mchinjaji alifunga kisu chake akarudi Kolo, na hakuniaga. Mnyamwezi na mchungaji waligombana upya. Mimi nilipandishwa, nikawa karani mkuu wa mizigo, na nilipokula mchana nilikula nikisimama nyuma ya stoo ili mtu asinione.

Nilimwona mara moja katika jiko la Bwana, nilipopeleka karatasi za kutiwa sahihi. Alikuwa amefungwa kitambaa cheupe kiunoni, akimenya viazi vya Kizungu. Havumi wimbo. Mezani ndani palikuwa na kiti kimoja na sahani moja. Nilimwambia "Mbukwa." Alijibu, kwa adabu tu, kama unavyomjibu mpita njia, akaendelea kumenya. Nilitaka kusema kitu. Nilikuwa nacho mdomoni kabisa. Bwana akaita kutoka barazani, nami nikakimbia.

Kisha vita vikaja. Nafaka ilichukuliwa kwa ajili ya majeshi, ng'ombe wakachukuliwa, wanaume wakachukuliwa kubeba mizigo, na mvua nayo ikatukataa. Nilibaki salama kwa sababu ya kalamu yangu. Kuelekea mwisho wa utawala wao, Wadachi walipokuwa wakijaza treni kwenda magharibi, Bwana naye akapanda na masanduku yake. Alinipungia mkono dirishani bila kuniita karani wake wala jina lolote. Siku chache baadaye yule askari wetu, aliyevua sare na kujificha, alinidokeza kwamba Mama wa Banda yuko upande wa Msalato, kwa ndugu zake, na kwamba anapika tena.

Nilitembea asubuhi mpaka jua likawa juu. Barabarani nilijipangia maneno, nikayapanga tena. Nilikuwa na mfuko mdogo wa chumvi ya Bahi, nikiwaza nimkabidhi kwanza au niombe radhi kwanza. Zaidi ya radhi, nilitaka kitu kimoja tu: aninyooshee mwiko, aseme wewe na yule na hao wawili, nikae.

Kilikuwa kivuli cha miti minne na nyasi juu, hakuna ukuta. Alikuwa amekonda mpaka mwiko ukaonekana mzito. Watu walikuwa wamekaa kuzunguka chano, na nilikitambua, kilikuwa na ufa ule ule pembeni. Watatu tu. Wamekondeana, macho yamewatoka. Ugali ulikuwa mdogo, unafunikwa na viganja viwili, mlenda maji matupu. Hawakuanza. Walikuwa wakingoja wa nne.

Nilisema, "Mbukwa, Mama."

"Karibu, Bwana Karani," akanijibu kwa Kiswahili.

Nilimpa chumvi, akaipokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Nikainama kwenye bakuli la maji, akanizuia kwa mwiko. Akaniletea maji mengine katika kibuyu, safi, yangu peke yangu, katika nchi ambayo watu walikuwa wakilamba umande. Nikanawa. Nikageuka niende kwenye chano, mguu wangu ukaenda wenyewe, na nafasi ilikuwepo wazi pale.

"Wewe kaa huku," akasema.

Aliweka kigoda kando, mbali na wenzangu. Juu ya kigoda aliweka sahani nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu. Alipakua kutoka chungu cha pili, ugali wa watu watatu, na juu yake kipande cha nyama kavu ambacho sijui alikuwa amekitunza tangu lini. Kisha akamwita mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na kuni, akamkalisha kwenye chano. Wakatimia wanne. Wakaanza.

Nilinyanyua sahani ile nikataka kuipeleka kwao, nikaimwage katikati. Alisimama mbele yangu. Alisema hapana, hiyo ni yako, wao wana chao. Hakusema kwa hasira. Ningempa chochote aseme kwa hasira.

Nilikula. Wale wanne walikula chao kwa tonge ndogondogo, wakijitahidi wasinitazame, na nilisikia kila nilichotafuna. Maneno niliyoyapanga njiani yote yalishuka na ugali. Nilipofika katikati ya sahani, Mama wa Banda alikuja akasimama karibu yangu, mwiko mkononi, akaniuliza kitu ambacho katika miaka yote ile sikuwahi kumsikia akimuuliza mtu.

"Kitamu?"

Wote wakaacha kula wasikie. Nilitafuta Kigogo changu chote, sikukipata. Nikasema kwa Kiswahili, "Kitamu, Mama."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia, akarudi kwenye moto wake. Nilimaliza ile sahani, kwa sababu kubakiza kungekuwa vibaya zaidi. Nilisema nimeinuka. Hakuna aliyeitikia, nami nikashika njia ya kurudi stesheni.